Mabawabu wa Kifua

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mama Mwenyekiti wa Bodi ya Utafiti wa Tiba. Daktari Mkuu wa hospitali yetu. Madaktari, wauguzi na watu wa maabara. Wagonjwa wenzetu mliokaa na mliolala. Ndugu na majirani mliokuja kusikiliza, pamoja na nyinyi mliokuja kwa ajili ya soda: tunawasalimu nyote kwa pumzi tuliyo nayo.

KARIBU, NA SAMAHANI YA GETINI

Tunaanza na samahani, maana ukarimu wetu leo uliingia kwa mguu wa kushoto. Asubuhi gari lako lilisimama getini, na likaendelea kusimama. Dereva alipiga honi. Bawabu wetu akatoka kwenye kibanda chake, akainama dirishani, akaomba kadi ya mwaliko. Kadi ilikuwa imebaki ofisini kwako. Sisi tulikuwa tumejipanga na maua mkononi, hatua chache tu kutoka hapo, na tulisikia kila neno.

"Unamjua uliyemsimamisha?" dereva aliuliza.

"Simjui," Bawabu akajibu. "Ndiyo maana naomba kadi."

Daktari Mkuu akatoka nje mbio, koti likipepea kama bendera, akasema, "Huyu ni mgeni rasmi, mfungulie." Bawabu akamtazama juu mpaka chini, akamwuliza kwa heshima zote, "Na ya kwako, daktari?" Ya kwake ilikuwa kwenye koti jingine. Basi mkasimama wawili nje, wakubwa wa shughuli, na sisi wadogo tukiwa ndani na maua yetu, mpaka kadi zote mbili zilipopatikana.

Tuliona ukitabasamu. Wapo wanaosema hukutabasamu, ulikunja uso kwa ajili ya jua. Sisi tumechagua kuamini lile la kwanza. Tunakuomba jambo hilo la getini usilikasirikie, lakini usilisahau pia, kwa sababu risala hii yote itapita mlango huo huo.

HISTORIA YETU

Umoja wetu ulizaliwa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha picha za kifua. Benchi hilo halina mgongo, kwa hiyo mgonjwa anayechoka humwegemea mgonjwa mwenzake. Tulijuana kwa kikohozi kabla ya kujuana kwa sura. Ukisikia kikohozi kifupi kikavu, huyo ni Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu. Kikohozi kirefu chenye kupanda na kushuka kama mtu anayepandisha ngazi na gunia, huyo ni Fundi Kioo.

Fundi Kioo ni mpaka rangi wa magari. Alipewa jina hilo kwa sababu gari likitoka mkononi mwake unajiona uso. Jirani mmoja aliwahi kunyolea ndevu mbele ya mlango wa teksi aliyoipaka, na mwenye teksi akamdai nauli. Kwa maisha yake yote Fundi amevuta vumbi la msasa na mvuke wa rangi, kinga yake ikiwa leso aliyofunga puani. Tukimwuliza kwa nini hakununua barakoa, husema leso ilikuwa safi.

Aliyetuunganisha watu wa benchi ni mwenyekiti wetu, muuza vitambaa sokoni, ambaye hahitaji hiki kipaza sauti. Alikuja kumsindikiza kaka yake, akakuta watu wanasubiri kimya kama wanaosubiri hukumu, akachukia. Siku ya pili alikuja na chupa ya chai. Siku ya tatu alikuja na vikombe, katiba na mchango wa sukari. Mwenyekiti huyo ni shangazi yangu, ndiyo maana msomaji wa risala hii ni mimi. Lakini asidhani mtu kwamba nimebebwa. Nilijifunza kutunga mashairi peke yangu, kwa redio na kwa kuhesabu mizani vidoleni, na vidole vyangu havijanidanganya hata siku moja. Kwa shughuli hii nilileta beti nyingi. Kamati ikapunguza. Shangazi akapunguza zaidi. Nimebakiziwa ubeti mmoja, nao utausikia mwishoni, maana kizuri hakiliwi mwanzo.

NENO LILILOTUPONZA

Utafiti ulipofika hospitalini kwetu, aliyepewa kazi ya kutueleza ni daktari wetu wa mapafu. Tunamwita Daktari Polepole, kwa sababu anapoanza sentensi mtu anaweza kwenda kunawa mikono akarudi ikiwa haijafika kwenye kitenzi. Ni mtu mwema sana. Alitwambia kwamba katika damu ya kila binadamu zimo chembe nyeupe zinazozunguka na kushambulia seli zilizoharibika, zikiwemo za saratani. Akasema katika utafiti huu chembe hizo huchukuliwa kwa watu wenye afya waliojitolea damu, huoteshwa maabara kwenye kabati la joto mpaka zinakuwa jeshi, kisha mgonjwa wa saratani ya mapafu hutiwa mshipani, taratibu, pamoja na dawa zake nyingine. Hakutuahidi kupona. Alisema wazi kwamba ndiyo kwanza wanajifunza. Tulimsikiliza, tukampenda.

Halafu akataja jina lenyewe. Chembe hizo, alisema, zinaitwa seli za muuaji wa asili.

Mgeni rasmi, benchi lilipungua watu pale pale.

Fundi Kioo alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Aliukunjua. Mazungumzo yao tunayakumbuka sote.

"Zikimaliza kuua saratani, daktari, zinamwua nani?"

"Zinapumzika, mzee."

"Mimi nimekaa mtaani umri wangu wote. Sijamwona muuaji anayepumzika."

"Ni jina tu, mzee wangu."

"Mtoto akiitwa Shida, shule anakuwa wa mwisho. Jina si tu." Akavaa kofia, akaenda zake gereji.

Sisi wengine hatukujifunza kitu. Daktari alipotuambia wanahitajika watu wa kujitolea damu, shangazi akaagiza tangazo, na tangazo likaandikwa kwa neno lile lile, kwa rangi nyekundu ya gari, likabandikwa ukutani upande wa barabara: WANAHITAJIKA WAUAJI WA ASILI. WAWE NA AFYA NJEMA. WASIVUTE SIGARA. CHAI ITATOLEWA.

Herufi zilikuwa nzuri. Hata askari wawili waliokuja na gari lao walizisifu kabla ya kuuliza kiongozi ni nani.

"Ni mimi," shangazi akasema.

"Mama, mnaajiri wauaji?"

"Hatuajiri, baba. Tunaomba wajitolee."

Askari mmoja akaandika. Mwenzake akauliza, "Na sigara inahusu nini?"

"Tunataka wenye kifua kizima."

Ilibidi Daktari Polepole aje aeleze, na alipokuwa anaeleza jua lilihama kutoka ukuta huu kwenda ule. Alipomaliza, yule askari aliyeuliza habari za sigara alikunja mkono wa sare yake, akatoa damu. Hospitali haisemi damu ya nani ilikwenda kwa nani. Lakini Mwalimu, tangu atiwe chembe zake, anadai ni za askari, kwa sababu siku hizi hawezi kuvuka barabara pasipo kivuko.

Huku nyuma, msomaji wa risala hii alichukua jukumu la kumshawishi Fundi Kioo kwa kutafuta jina jipya. Ukiondoa jina baya, nilijiambia, umeondoa hofu, na kazi ya majina ni ya mshairi. Nilimwendea gereji akiwa anapiga msasa.

"Tuziite simba wa damu," nikasema.

"Kifua hiki kikohozi tu hakikitoshi. Simba alale wapi?"

"Tuziite askari."

"Wataomba kitu kidogo."

"Malaika, basi."

Aliacha msasa. "Hao watakuja wenyewe siku yao. Usiwaite mapema."

Sikuwa na jina la nne. Nilirudi nyumbani nimenuna, beti zangu mfukoni.

Jina lilitoka kwa mtu ambaye hajatunga hata mstari mmoja, jambo ambalo bado linaniuma kidogo. Siku ya kliniki Fundi Kioo alifika getini bila kadi yake ya matibabu. Bawabu ni rafiki yake wa drafti. Kila Jumamosi wanakaa kwenye kibanda kile na vizibo vya soda. Bawabu akamnyooshea mkono.

"Kadi, Fundi."

"Wewe, si juzi tu nimekufunga mara mbili?"

"Ulinifunga. Kadi."

Fundi akarudi nyumbani kuifuata, akafika tena anahema, akaketi kwenye benchi letu akimlaani Bawabu kwa majina ambayo risala haiwezi kuyabeba. Muuguzi mmoja aliyemsikia akacheka, akamwambia, "Mzee, basi zile chembe ulizozikimbia ndivyo zilivyo." Akamweleza. Kila seli ya mwili hubeba kadi usoni. Askari wengine wa mwili huisoma kadi hiyo, na wakiona imeandikwa mambo ya uharibifu, hukamata. Saratani ni mjanja: huificha kadi yake ili isisomwe. Inawapita hao. Lakini ziko chembe hizi zenye swali moja tu kwa kila zinayekutana naye: kadi iko wapi? Asiye na kadi, hapiti.

Fundi Kioo aligeuka akatazama upande wa geti. Kisha akasema, "Kumbe ni bawabu."

"Ndiyo, mzee."

"Kama yule wa pale nje? Asiyejua urafiki?"

"Kama yule."

"Sasa mlikuwa mnasema wauaji wa nini? Mimi muuaji simtaki. Bawabu namtaka. Leteni hata mia." Akakunja tena mkono wa shati.

Tangu siku hiyo hakuna mtu wa wodi hii anayesema muuaji wa asili. Tunasema seli bawabu, na wakiwa wengi, mabawabu. Waliokimbia benchi wakarudi mmoja mmoja. Bawabu mwenyewe alipoambiwa ametoa jina kwenye tiba, aliuliza kama jina lina sare mpya.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, leo umekata utepe wa chumba kipya cha kuoteshea seli. Tumeona makabati ya joto yakiwaka taa zake za kijani na mitungi ya baridi inayotoa moshi ikifunguliwa. Tulipitishwa kwenye kioo tu, tukiwa tumevaa mifuko miguuni, na Mwalimu akateleza.

Mwalimu ndiye fahari yetu. Siku alipotiwa mabawabu kwa mara ya kwanza alipata homa na kutetemeka mpaka meno yakawa yanahesabu yenyewe. Wauguzi walikuwa wameshatuonya, wakamfunika, ikapita. Uvimbe wake haujatoweka. Umesimama. Daktari Polepole alituonyesha picha mbili, ya zamani na ya sasa, akasema haujaongezeka, na kwa mara ya kwanza alisema sentensi fupi. Mwalimu sasa anapanda ngazi za wodi bila kupumzika katikati, na akifika juu anamsubiri shangazi, ambaye haumwi, na kumwambia, "Pole sana, mama."

Hatutakuficha upande wa pili. Mama Sindano, mshonaji, aliyetushonea vitambaa hivi vya meza, naye alipata mabawabu. Walifika kifuani mwake, lakini uvimbe una uchawi wake. Daktari anasema huwachosha walinzi mpaka wanasinzia kazini. Tulimzika msimu uliopita. Kabla hajaondoka alituachia agizo: tusiache kuleta chai, kwa sababu watu wa maabara nao wanachoka, na bawabu aliyeoteshwa na mtu mwenye njaa atasinzia mapema. Hatujaacha.

Watu wa kujitolea damu sasa wanakuja bila tangazo. Tangazo lenyewe tumelitundika ukumbini humu, nyuma yako, ukipenda kugeuka. Tunaona Daktari Mkuu amelipa mgongo.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni kwamba benchi halina mgongo. Tumeshalisema.

Ya pili ni kwamba kwenye karatasi za hospitali neno bado ni lile la zamani. Mgonjwa mpya akifika, anakutana na muuaji kabla hajakutana na sisi. Anayewahi kutoroka, tunamfuata mpaka kituo cha basi, na shangazi magoti yake si ya jana.

Ya tatu ndiyo iliyotuleta mbele yako.

Siku Fundi Kioo alipokunja mkono wa shati mara ya pili, Daktari Polepole alikuja akaketi karibu naye kwenye benchi. Alichelewa kuanza kusema kuliko kawaida yake. Akamwambia kwamba nafasi za kundi la kwanza zilikuwa zimejaa wiki ile ile. Kundi la pili lipo kwenye mpango, lakini halifunguliwi mpaka taarifa ya kundi la kwanza ikamilike na Bodi iketi.

"Bodi inaketi lini?" Fundi akauliza.

"Mwakani, mzee."

"Na huyu wa ndani ya kifua changu, ameambiwa asubiri mpaka mwakani?"

Fundi akampiga daktari bega kidogo, kama vile mgonjwa ndiye huyo, akasema, "Usijali, kijana. Nilichelewa mwenyewe. Niliogopa jina."

Hilo ndilo hatulikubali. Hakuchelewa kwa uzembe. Alichelewa kwa sababu neno lilisimama mlangoni likamtisha, na neno hilo hakulitunga yeye. Daktari amempima: anafaa, vipimo vyake vyote viko sawa na masharti ya utafiti. Dawa zake nyingine zinaendelea, lakini kikohozi kinazidi kupanda ngazi na gunia linazidi uzito. Gereji kuna gari alilolipaka nusu. Kila asubuhi anakwenda kuliangalia, anashika bunduki ya rangi, anaiweka chini. Mwenye gari amekataa kulipeleka kwa fundi mwingine. Anaendesha hivyo hivyo Jumapili, upande mmoja kioo, upande mwingine kutu.

Fundi Kioo ni kaka wa mwenyekiti wetu, mama mmoja baba mmoja, na mwenyekiti hana kaka mwingine. Mwenyekiti ni shangazi yangu. Hesabu ya udugu tunakuachia uifanye mwenyewe, mgeni rasmi. Ukikwama, Mwalimu yuko safu ya mbele. Kwenye risala hii sisi ni sisi, na nimeahidi kamati sitasema mimi.

MAOMBI

Kwanza, Bawabu. Tumesikia minong'ono kwamba kwa ajili ya leo asubuhi atahamishiwa stoo. Tunaomba asihamishwe, asionywe, asiandikiwe. Kama ipo hospitali inayopaswa kujivunia mtu asiyempitisha mkubwa bila kadi, ni hii. Badala yake tunaomba apewe kiti; alicho nacho kina miguu mitatu, na anakaa kwa ujuzi.

Pili, neno libadilishwe kwenye karatasi zote. Wataalamu wataandika jina lao la kitaalamu mahali pake, hatuwazuii. Lakini mgonjwa asomewe kwanza seli bawabu. Hakimiliki ya jina ni ya Fundi Kioo, na hadai kitu.

Tatu, tunaomba Bodi isingoje mwakani. Chumba umekifungua leo. Makabati yanawaka. Watu wa maabara wapo, damu ya waliojitolea ipo, Daktari Polepole yuko tayari, na kwa haraka tuliyomwona nayo wiki hizi tunafikiri tumbadilishie jina. Taarifa ya kundi la kwanza iandikwe huku mlango wa kundi la pili ukiwa wazi. Tumemwuliza daktari kama jambo hilo lina hatari kwa wagonjwa, akasema linahitaji uangalifu, nao upo, na linahitaji idhini ya Bodi, nayo imekaa mbele yetu na chupa ya maji. Hatuombi mgonjwa yeyote apendelewe. Anayekosa vigezo arudishwe, hata akiwa kaka wa mwenyekiti, hata akiwa mfalme wa drafti. Tunamwombea mwenye vigezo asifungiwe nje.

HITIMISHO

Asubuhi ulisimama nje ya geti letu, mgeni rasmi. Haki ya kuingia ulikuwa nayo. Kadi tu ndiyo ilikuwa mbali. Hukupenda kusubiri, na dereva wako ndiye hakupenda kabisa. Kadi ilipofika, Bawabu hakukuuliza swali la pili. Alifungua, akapiga saluti, ukapita. Ndivyo bawabu mwema alivyo: mkali kwa asiyenayo, na mwepesi kwa aliyenayo.

Ubeti niliobakiziwa ni huu:

Bawabu simama wima, mlangoni pa kifua,
Aso kadi rudi nyuma, njia yake aijua,
Usimwonee huruma, hata akikusumbua,
Ila mwenye kadi, mama, lango nani afungua?

Shangazi alitaka nimalizie kwa jibu. Nimemwambia jibu si kazi ya mshairi.

Mgeni rasmi, ukitoka hapa utampita mzee mmoja mwenye kofia ya buluu, amekaa kwenye kibanda cha getini na vizibo vya soda mbele yake. Tulimwomba aingie ukumbini, akasema ataingia siku jina lake likiitwa. Hatakuomba kitu, si mtu wa kuomba. Ila ukishusha kioo, utaona kadi imechomoza kwenye mfuko wa shati lake. Siku hizi haisahau nyumbani.

Mola akupe pumzi ndefu na kifua chepesi, akulinde safarini, na kila lango utakalolifikia likukute una kadi.

Ni sisi wako, Umoja wa Wagonjwa na Wauguzaji wa Wodi ya Mapafu: tulio ndani, na mmoja aliye getini.